Guglielmo Libri, mulinzi wa vitabu vya leta aliyegeuka mwizi wake

Mutu akisikia neno mwizi, anafikiri kijana wa usiku, mlango uliovunjwa, mbwa wanaobweka. Guglielmo Libri hakuwa wa namna ile. Alikuwa profesa huko Paris, mwanahesabu wa jina kubwa, memba wa Akademia ya Sayansi. Aliingia katika maktaba mchana, kwa mlango wa mbele, na barua ya wizara mukononi. Walinzi wa vitabu walimukaribisha, wakamupa meza, wakamuacha peke yake na mali yao. Akatoka na vitabu.

Wakubwa walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maisha ya Libri, ambaye alizaliwa mwaka wa 1803 na kufa mwaka wa 1869, yanaonyesha namna ile methali inavyoweza kuwa kweli hata katikati ya watu waliosoma sana. Yanaonyesha pia kitu kingine: jinsi mali ya watu wote inavyoweza kupotea bila mutu kujua, na jinsi inavyoweza kurudi miaka mingi baadaye kama kuna mutu aliyeiandika kwenye liste.

Mutoto wa ukoo mukubwa

Libri alizaliwa Florence, muji wa Italia. Jina lake lote lilikuwa Guglielmo Libri Carucci dalla Sommaja, na alikuwa na cheo cha hesabu ya wakubwa, kile ambacho Wafaransa wanaita comte. Neno libri, katika luga ya Kiitaliano, maana yake ni vitabu. Watu walicheka sana juu ya jina lile baadaye, lakini wakati wa utoto wake hakuna aliyefikiri mabaya.

Akili yake ilikuwa ya ajabu. Alisoma katika chuo kikuu cha Pisa, na mwaka wa 1823, akiwa na miaka 20 tu, akapewa kiti cha uprofesa palepale. Kisha akapewa pia kazi ya kuangalia maktaba ya chuo cha Georgofili, shirika la wataalamu wa kilimo la Florence. Huko vitabu vilianza kukosekana. Ni baada ya miaka mingi tu watu waliunganisha ile habari na mambo aliyofanya Ufaransa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 aliingizwa katika mambo ya siasa juu ya mutawala wa Toscana, ikabidi akimbie. Akafika Paris kama mukimbizi, bila kazi. Wataalamu wa Ufaransa wakamupokea kwa mikono miwili. Mmoja wao alikuwa François Arago, mutu mukubwa sana katika Akademia ya Sayansi, ambaye alimusaidia kama ndugu. Mwaka wa 1833 Libri akapewa uraia wa Ufaransa, na mwaka uleule akachaguliwa kuingia Akademia. Akafundisha Sorbonne, kisha Collège de France. Akapewa nishani ya Légion d'honneur. Akaandika historia ya hesabu katika Italia, volime ine, ambayo wataalamu waliisifu.

Ili kuandika historia ile, alihitaji vitabu vya zamani na maandiko ya mukono. Alianza kununua. Alikuwa na jicho kali: akiangalia ngozi ya kitabu, namna ya herufi, rangi ya wino, anajua karibu kimeandikwa wapi na karne gani. Wauzaji wa vitabu wa Paris walimuheshimu. Rafiki yake mpya, François Guizot, alikuwa waziri mwenye nguvu chini ya mufalme Louis-Philippe. Arago, yeye, aliachana naye na kuwa adui yake.

Vitabu vingi, liste kidogo

Kusudi wizi wa Libri ueleweke, lazima kurudi nyuma kidogo, hadi mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka wa 1789. Serikali ya mapinduzi ilichukua mali ya Kanisa, na pia mali ya wakubwa waliokimbia inchi. Katika mali ile kulikuwa mamilioni ya vitabu. Nyumba za watawa zilikuwa zimelinda maandiko kwa miaka elfu moja na zaidi: Biblia zilizoandikwa kwa mukono juu ya ngozi, maandiko ya Waroma, vitabu vya dawa, vya nyota, vya sheria.

Vile vitabu vyote vikapelekwa katika maktaba za miji: Lyon, Tours, Orléans, Carpentras na mingine mingi. Kwa sheria vikawa mali ya raia wote. Lakini kwa kweli vilibaki vimerundikwa. Muji mdogo ulikuwa na mulinzi mmoja, pengine mzee, mwenye mushahara kidogo, na kazi ambayo hata watu kumi hawangemaliza. Pahali pengi hakukuwa liste kamili. Kitabu kisichoandikwa popote kikiondoka, nani atajua kwamba kilikuwapo?

Mwaka wa 1841, serikali iliamua kurekebisha mambo. Ikaunda komisyo ya kutengeneza liste kubwa ya maandiko ya mukono katika maktaba zote za mikoa. Kazi ilikuwa nzuri na ya lazima. Mutu aliyechaguliwa kuwa sekretere wa komisyo, na kuzunguka mikoa kuangalia vitabu, ni Guglielmo Libri.

Namna alivyofanya

Libri alifika katika muji na karatasi za wizara. Kwa mulinzi wa maktaba ya mkoa, ilikuwa heshima kubwa kupokea memba wa Akademia, mutu wa muji mukuu, rafiki wa waziri. Ni nani angethubutu kumupekua? Walimuonyesha vitabu vya thamani kuliko vyote, maana ndiyo kazi aliyotumwa kufanya. Walimuacha peke yake saa nyingi.

Mara nyingine alichukua kitabu kizima. Mara nyingine alikata kurasa na kuacha zilizobaki mahali pake, kusudi kwenye rafu ionekane hakuna kilichopunguka. Huko Lyon kulikuwa Pentateuki ya Kilatini, yaani vitabu vitano vya kwanza vya Biblia, vile vya Musa, iliyoandikwa zaidi ya miaka 1,000 mbele yake. Libri akatoa sehemu ya Walawi na Hesabu, akaacha zingine. Huko Tours alichukua Pentateuki nyingine, hii yenye picha kubwa za rangi, kati ya Biblia zenye picha za zamani kuliko zote ambazo Ulaya ingali nayo. Katika Institut de France, hapo Paris mwenyewe, kulikuwa barua 75 za mufilozofu René Descartes. Libri alichukua 72.

Kuiba ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kubadilisha sura ya kitabu. Alifuta kashe za maktaba. Aliondoa majalada ya zamani na kuweka mengine. Kisha, juu alijua historia vizuri, aliandika maneno ya uongo kwa herufi za zamani, ya kuonyesha kwamba kitabu kilikuwa cha nyumba ya watawa fulani ya Italia. Maandiko ya watawa wa Fleury, karibu na Orléans, yalikuwa na jina la Kilatini la Fleury. Kwa kugeuza herufi chache tu, Fleury iligeuka Florence. Musomaji aliyefungua kitabu aliona kimetoka Italia, pahali Libri mwenyewe alizaliwa, pahali angeweza kusema alikinunua.

Tena, alikuwa amenunua vitabu vya kweli vingi. Vya halali na vya wizi vilikaa katika nyumba moja, juu ya rafu moja. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu sana kumukamata.

Soko la matajiri

Wizi wa namna ile hauwezi kuishi bila wanunuzi. Karne ya 19 ilikuwa wakati wa matajiri wenye kupenda vitabu vya zamani kama wengine wanavyopenda dhahabu. Waingereza walikuwa mbele. Mapinduzi na vita vilikuwa vimetawanya maktaba za Ulaya, na wanunuzi wengi hawakuuliza sana kitu kilitoka wapi. Kama mwuzaji ni mutu wa heshima, ilitosha.

Libri alijaribu kwanza kuuza kwa British Museum ya London. Mutaalamu wa pale alikuja Paris mwaka wa 1846 kuangalia maandiko, lakini pesa hazikupatikana. Mwaka wa 1847 akapata munnunuzi: Lord Ashburnham, tajiri mukubwa wa Uingereza. Alinunua maandiko 1,923 kwa pauni 8,000, akayapeleka kwake mashambani, katika jimbo la Sussex. Ndani yake kulikuwa zile Pentateuki mbili. Mwaka uleule Libri aliuza pia vitabu vingi vya kupigwa chapa kwa munada hapo Paris.

Lakini maneno yalikuwa yameanza kuzunguka. Barua zisizo na jina zilifika kwa wakuu wa mashtaka. Watu wa Carpentras na miji mingine walikuwa wanajiuliza mbona baada ya mugeni kupita, vitabu havionekani. Mwendesha mashtaka wa Paris akafanya uchunguzi wa kimyakimya na kuandika ripoti. Ripoti ikapelekwa kwa Guizot, ambaye sasa alikuwa mukubwa wa serikali nzima. Guizot, rafiki wa Libri, aliiweka. Haikuendelea.

Mwezi wa pili, mwaka wa 1848

Mwezi wa pili wa mwaka wa 1848, watu wa Paris wakasimama juu ya mufalme. Louis-Philippe akaanguka, Guizot akakimbia. Watu wa serikali mpya walipoingia katika ofisi za wizara, wakakuta karatasi za Guizot, na kati ya karatasi zile ripoti juu ya Libri.

Siku chache tu baadaye, Libri alikuwa katika mukutano wa Akademia. Mwandishi wa gazeti mmoja akamupitishia kikaratasi cha kumuonya. Libri hakungojea. Akatoka, na kwa haraka akavuka bahari kwenda London. Mali yake ilimufuata: masanduku makubwa 18, yenye vitabu na maandiko yanayokadiriwa kufika 30,000.

Serikali ikatuma wataalamu katika nyumba aliyoacha. Walikuwa watu waliosoma katika École des chartes, shule ya Paris inayofundisha kusoma maandiko ya zamani: Ludovic Lalanne, Henri Bordier na Félix Bourquelot. Waliangalia karatasi moja moja, wakalinganisha na yale maktaba za mikoa ziliyosema. Tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1850, tribinali ya Paris ilimuhukumu Libri miaka 10 ya kifungo, bila yeye kuwapo. Alinyanganywa kazi zake zote na nishani yake.

Mwizi ama mutu aliyeonewa?

Huko London, Libri hakukaa kama mwizi. Alisema yeye ni mukimbizi wa siasa, kwamba wanamapinduzi wanamuchukia juu ya urafiki wake na Guizot, na kwamba Arago anajilipiza kisasi. Watu wengi walimuamini. Antonio Panizzi, Mwitaliano mwenzake aliyekuwa mukubwa wa vitabu katika British Museum, alimukingia kifua. Hata wanahesabu wa Uingereza waliandika kumutetea.

Ufaransa pia alikuwa na rafiki wa nguvu: Prosper Mérimée, mwandishi wa hadisi ya Carmen, ambaye alikuwa inspekteri mukuu wa majengo ya kihistoria. Mwaka wa 1852 Mérimée aliandika makala ya kuchekelea tribinali na wale wataalamu. Tribinali ikamuhukumu siku 15 za gereza na faini ya faranga 1,000. Akaingia gerezani kweli.

Watetezi walikuwa na sababu moja ya kushika. Wachunguzi walikuwa wamefanya makosa. Vitabu vingine walivyosema vimeibwa vilikutwa baadaye kwenye rafu zao. Kama liste za maktaba ni mbaya, mashtaka nayo yanakuwa na matundu, na Libri alijua kupenya katika matundu yale. Kila kosa la wachunguzi alilipiga makelele katika barua na vijitabu vyake. Mwaka wa 1861, muke wake Mélanie alipeleka ombi katika Senat ya Ufaransa kusudi kesi ifunguliwe tena. Ikakataliwa.

Wakati ule wote, aliendelea kuuza. Minada yake kwa Sotheby's ya London ilivuta wanunuzi wa Ulaya nzima, na ile ya mwaka wa 1861 ilileta zaidi ya faranga milioni moja. Liste za kuuzia alizitengeneza yeye mwenyewe, kwa ufundi mukubwa. Ni ajabu: mutu aliyekula matunda ya maktaba zisizo na liste alikuwa fundi wa kuandika liste.

Mwisho wa mwaka wa 1868, akiwa mugonjwa, alirudi Florence. Alikufa Fiesole, karibu na muji aliozaliwa, tarehe 28 mwezi wa tisa 1869. Hakulala hata usiku mmoja katika gereza la Ufaransa, na hakukubali kosa lake hata siku moja.

Delisle na karatasi za zamani

Aliyemaliza neno hakuwa polisi wala mwamuzi. Ni Léopold Delisle, mutu wa maktaba, ambaye alikuwa mukurugenzi wa Bibliothèque nationale ya Paris toka mwaka wa 1874 hadi 1905. Delisle hakubishana juu ya tabia ya Libri. Alitafuta karatasi.

Alikuta kwamba mbele ya mapinduzi, watawa na wataalamu walikuwa wameandika maelezo ya vitabu vingi: kichwa cha kitabu, kurasa ngapi, neno la kwanza, picha gani iko ndani. Liste zile za zamani zilikuwa zimesahauliwa. Delisle akaziweka kando ya liste ya maandiko ya Ashburnham. Kitabu kilichosemekana kuwa cha watawa wa Italia kilikuwa na maneno yaleyale, picha zilezile, hata kurasa zilezile zilizopunguka kama kitabu kilichoelezwa Tours ama Fleury. Kufuta kashe ilikuwa rahisi. Kufuta kila karatasi ambayo mutu mwingine aliandika miaka 100 mbele, Libri hangeweza.

Mwaka wa 1878 Delisle alionyesha kwamba Walawi na Hesabu za Ashburnham zilikatwa kutoka kitabu cha Lyon. Kurasa zilikubaliana kama nguo iliyopasuliwa. Mwaka wa 1880, mutoto wa yule Lord Ashburnham, ambaye sasa ndiye alirithi, alizirudisha Lyon bila kuomba malipo.

Zingine hazikurudi kirahisi. Familia ya Ashburnham iliamua kuuza. Mwaka wa 1884 serikali ya Italia ilinunua sehemu kubwa kwa pauni 23,000, ikaiweka katika maktaba ya Laurenziana huko Florence, ambako ingali hadi leo. Yale ambayo Delisle aliyatambua kuwa ya wizi wa Ufaransa yaliachwa pembeni. Mwaka wa 1888, mwuzaji wa vitabu wa Strasbourg, Karl Trübner, alitengeneza mapatano: akapata maandiko 166, ya Libri na ya mwuzaji mwingine aliyeitwa Barrois, akayapa Bibliothèque nationale. Yeye akapewa faranga 150,000 na kitabu kimoja cha nyimbo za Kijerumani cha karne ya 14, Codex Manesse, ambacho Wajerumani walikuwa wanakitamani sana na ambacho sasa kiko Heidelberg.

Kwa hiyo Ufaransa ililipa kusudi kupata mali yake yenyewe. Pentateuki ya Tours ilirudi kwa njia ile. Lakini haikurudi Tours. Ilibaki Paris, na ingali inaitwa Pentateuki ya Ashburnham, kwa jina la mununuzi. Watu wa Tours, ambao muji wao ulikilinda kile kitabu kwa karne nyingi, walipoteza kitabu na jina pamoja.

Barua iliyovuka bahari

Zile barua za Descartes zilitawanyika. Ilipofika mwaka wa 2010, 45 tu kati ya 72 ndizo zilikuwa zimepatikana. Mwaka ule, mutaalamu mmoja wa Uholanzi alikuwa anatafuta kwenye intaneti, akaona liste ya maandiko ya Haverford College, chuo kidogo cha Pennsylvania, Marekani. Katika liste kulikuwa barua ya Descartes ya tarehe 27 mwezi wa tano 1641, aliyomuandikia padri Mersenne. Chuo kiliipata mwaka wa 1902 kama zawadi, bila kujua ilitoka wapi. Wakuu wa Haverford walipoelezwa, walisema wenyewe kwamba barua irudi kwa mwenyewe. Ikapokelewa na Institut de France mwaka uleule wa 2010, zaidi ya miaka 160 baada ya Libri kuitoa.

Ile barua ilipatikana juu mutu fulani wa chuo aliiweka kwenye liste na kuacha liste isomwe na wote. Daftari za ubatizo za parokia, karatasi za mashamba, vitabu vya shule, maandiko ya wazee: mali ya namna ile iko katika kila muji na kila kijiji, na mara nyingi mulinzi wake ni mutu mumoja na funguo moja. Kuandika kilichopo, kuweka kopi pahali pengine, na kuandika jina la kila mutu aliyefunguliwa sanduku, hata kama anatoka muji mukuu na barua ya wizara, ni kazi ndogo isiyoomba pesa nyingi. Maktaba za Ufaransa zilijifunza kuifanya baada ya kupitiwa na Libri. Barua zingine za Descartes aliyoziiba hazijulikani ziko kwa nani hadi leo.